Kidonge kwenye Panja la Kulia

Hata kabla mpelelezi hajavuta kiti, Mkuu wa kituo alimsukumia picha mezani.

"Haya Shangazi, jionee mwenyewe. Kesi imejifunga."

Mpelelezi yule kituo kizima kilimwita Shangazi, kuanzia mlinzi wa geti hadi wale wa rumande waliokuwa wakirudi kwa mara ya tatu. Aliiinua picha kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa ubongo wa mtu, umeonyeshwa vipande vipande kama mkate uliokatwa, na katikati ya kila kipande palikuwa na uwazi mweusi wenye umbo la kipepeo.

"Unayaona hayo matundu?" Mkuu aligonga picha kwa kalamu. "Daktari wa picha ameandika kwa mkono wake, vyumba vya ubongo vimepanuka. Mtu ana skizofrenia, ubongo una matundu, amekutwa amepiga magoti juu ya muuguzi aliyepasuka kichwa, nguo zote damu. Unataka nini tena? Malaika ashuke atoe ushahidi?"

"Nataka kujua nani alimziba yule Sista jeraha."

"Jeraha gani?"

"Daktari wa wodi anasema kuna mtu alilikunja blanketi akalibana kichwani pake. Bila hilo angeishia pale pale chini ya ngazi. Mtu anayetaka kuua habani damu, Mkuu."

Mkuu alicheka, lakini si kwa ubaya. "Wewe ungemtetea hata fisi aliyekutwa na mfupa mdomoni."

"Ningeuliza kwanza mfupa ni wa nani."

"Uliza upesi. Alasiri gari la mahakama linakuja. Hakimu akishaweka sahihi, anapelekwa wodi ya kufuli. Akiingia huko, mimi na wewe hatuna mkono tena."

Shangazi aliijua wodi ya kufuli. Watu waliingia kusubiri kesi, kesi ikasahaulika, nao wakazeekea humo. Akaiweka picha mkobani na kutoka.

Mama wa mtuhumiwa alikuwa kwenye benchi la korido, amekumbatia sweta. Alikuwa amekaa hapo tangu juzi. Mtu fulani, Shangazi hakujua nani, alikuwa amemwekea kikombe cha chai pembeni na kukifunika kwa kisosi kisipoe.

"Mwanangu wanampeleka?" mama aliuliza.

"Bado, dada yangu."

"Dawa zake ninazo hapa. Wasipompa kwa saa yake anaharibika. Huko wanakompeleka watampa?"

Shangazi hakutaka kumdanganya. "Shika sweta yako," alisema. "Narudi."

Kijana mwenyewe wagonjwa wenzake walimwita Profesa, kwa kuwa alipenda kueleza mambo makubwa kwa sauti ndogo. Alikaa pembe ya chumba, pingu mkononi. Koplo aliyekuwa akimlinda alikuwa amezilegeza tundu moja na kupitisha leso kati ya chuma na ngozi. Koplo huyo huyo alikuwa na bandeji kwenye kiganja.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Ile chai ina kitu ndani."

Shangazi alichukua kikombe, akanywa funda, akasubiri, akamrudishia. Profesa alimtazama usoni kwa muda, kisha naye akanywa.

Kwenye panja lake la kulia, karibu na sikio, palikuwa na plasta. Shangazi aliponyoosha kidole kuionyesha, kijana aliifunika kwa kiganja.

"Umeumia hapo?"

"Hapana. Ndani yumo shahidi."

"Shahidi gani?"

"Wa mafuta. Sista aliniweka. Alisema, huyu ni shahidi wako, usimtoe mpaka nije mimi mwenyewe kumtoa. Waliponikamata walitaka kumbandua. Ndiyo maana niling'ata. Mwambie koplo samahani."

"Nilishasamehe, kaka," koplo alijibu kutoka mlangoni. "Ila meno unayo."

Shangazi alivuta kiti karibu. "Nieleze ulichosikia ukiwa ndani ya mashine."

"Ilikuwa inagonga. Halafu ikanyamaza. Katika kunyamaza, Sista akalia. Mara moja tu. Nikabinya kile kipira wanachokupa ushike, ukitaka msaada unabinya. Nikabinya, nikabinya. Hakuja mtu."

"Si zile sauti zako?"

Profesa hakukasirika. Alifikiri. "Zangu zinanijua jina. Zinanitukana. Ile haikuniita. Ilikuwa inaogopa."

Koplo aliacha kuegemea mlango.

"Ukatoka mashineni?"

"Sista alishaniambia nisitikisike. Nikitikisika tunaanza upya. Nikatulia." Alitazama mikono yake. "Nilitulia mno, Shangazi."

"Sasa nani alikutoa?"

"Sumaku. Nikamuuliza Sista yuko wapi. Akasema ameshaondoka, wewe pitia ngazi za nyuma uende zako. Nikapita. Nikamkuta."

Sumaku lilikuwa jina ambalo hospitali nzima ilimwita mtaalamu aliyeendesha mashine ya picha, kwa sababu mashine yenyewe ilikuwa sumaku kubwa. Maelezo yake Shangazi alikuwa nayo mkobani, na yalisema vingine kabisa. Kwamba Sista alimlaza mgonjwa, akaaga na kuondoka kabla kipimo hakijaanza. Kwamba siku ile hakukanyaga kabisa chumba cha kuendeshea mashine. Na kwamba mgonjwa alichomoka katikati ya kipimo akiwa ametaharuki, akakimbilia ngazi za nyuma.

Watu wawili, hadithi mbili. Mmoja alikuwa na koti jeupe, mwingine pingu. Shangazi alimwambia koplo achukue funguo za gari.

*

Daktari wa picha alikuwa mwanamke mfupi, miwani juu ya nywele, chai imepoa mbele yake. Shangazi aliweka picha mezani.

"Daktari, hii inasema kijana ndiye aliyempiga Sista?"

"Nani kasema hivyo?"

"Mkuu wangu. Kasoma maandishi yako."

"Niliandika vyumba vya maji vimepanuka kidogo. Sikuandika ana hatia." Daktari alifungua picha mbili kwenye kioo cha kompyuta, akafunika majina kwa kiganja. "Mmoja ni huyo kijana wako. Chagua."

Shangazi alisogea. Kipepeo cha upande mmoja kilikuwa kipana kuliko cha pili. "Huyu."

"Hongera. Umenichagua mimi."

Walicheka wote wawili, kisha daktari akashusha miwani.

"Sikiliza. Nikikusanya wagonjwa wengi wa skizofrenia, na watu wengi wasio nayo, nikapima wote, nikatafuta wastani, tofauti inaonekana. Vyumba vya maji vimepanuka kidogo. Utando wa kijivu wa juu umepungua unene, hasa hapa nyuma ya panja la kushoto, sehemu inayopokea sauti na maneno. Ndio utafiti wangu huo. Lakini ni wastani. Wanaume ni warefu kuliko wanawake, sivyo? Sasa nikikutajia kimo peke yake, utajua ni cha mwanamume au mwanamke?"

"Mkuu wangu nampita kwa kichwa kizima."

"Basi. Picha ya mtu mmoja haikwambii kama ni mgonjwa, achilia mbali kama amempiga mtu."

"Na kilio alichosikia? Inaweza kuniambia kama kilikuwa cha kweli?"

Daktari alitikisa kichwa. "Tumewahi kuwapiga picha wakiwa wanazisikia zile sauti. Sehemu ya kusikia inafanya kazi kwelikweli. Hawaigizi. Kwa ubongo wake, sauti zote ni za kweli. Hapo mashine haikusaidii."

Mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Shangazi aliujaribu mwingine.

"Basi nionyeshe kipimo kilikatikia wapi. Sumaku anasema kijana alichomoka katikati."

Daktari aliteremsha picha moja baada ya nyingine, akafika mwisho, akarudi mwanzo, akateremsha tena.

"Hakikukatika," alisema polepole. "Mashine hupiga safu kwa safu, na kati ya safu na safu hunyamaza kidogo. Ukishaipanga inajiendesha yenyewe. Safu zote zimekamilika. Ila tazama hapa. Mwanzoni pua imeelekea juu, sawasawa. Safu inayofuata, baada ya kimya, kichwa kimegeuka. Kidogo tu, maana kimefungwa ndani ya kizimba cha kukishikilia. Kisha kimebaki hivyo hivyo mpaka mwisho. Hakikutikisika tena."

"Kama mtu aliyeitwa."

"Kama mtu aliyeitwa, akakatazwa kuitika."

"Amegeukia upande gani?"

"Kushoto kwake."

"Kushoto kwake kuna nini?"

"Ukuta."

"Na kulia?"

"Mlango. Nje yake ndiko ziliko ngazi za nyuma."

Shangazi alikunja uso. Mtu akisikia kilio ngazini, kwa nini ageukie ukuta? Alisogea hadi pumzi yake ikagusa kioo. Pembeni mwa fuvu palikuwa na kitone cheupe, kinang'aa kama punje ya mchele.

"Hiki ni nini?"

"Kivimbe cha mafuta chini ya ngozi, nilidhani. Hakina madhara. Mafuta kwenye picha hizi huwa meupe."

"Kiko panja gani?"

"La kushoto. Alama ya upande hii hapa."

"Daktari, yule kijana ana plasta kwenye panja la kulia. Anasema ndani yake kuna shahidi wa mafuta, amewekwa na Sista."

Daktari aliinuka, akaenda kwenye meza ndogo ya pembeni iliyokuwa ya Sista, akavuta droo. Ndani mlikuwa na soksi nene za wagonjwa wanaoona baridi miguuni, mfuko wa peremende, plasta, na chupa ya vidonge laini vya mafuta ya samaki, imefunguliwa karibuni.

"Ee Mungu," alisema. "Alipata njia."

"Njia ya nini?"

"Miezi sasa utafiti wangu unanisumbua. Wagonjwa wengine utando umepungua upande wa kulia badala ya kushoto. Nikamwambia Sista peke yake, nahisi kuna mtu anapindua picha. Akasema, niachie daktari, nitapata njia ya kujua. Hakuniambia ipi." Daktari alinyoosha kiganja juu ya meza. "Mashine haijui mgonjwa amelalaje. Inaambiwa. Mwendeshaji akikosea akaiambia amelala kifudifudi, kumbe yuko chali, picha inatoka uso chini. Ukiizungusha hivi," akakizungusha kiganja mezani, vidole vikaelekea kwake, "hakuna kinachoharibika. Lakini mwenye haraka anaipindua kama ukurasa." Akakigeuza kiganja juu chini. "Uso unarudi juu, kila kitu kinaonekana sawa, kumbe kulia na kushoto vimebadilishana. Ubongo nusu zake zinafanana. Nani atajua?"

"Mpaka uweke kidonge upande mmoja."

"Mpaka uweke kidonge upande mmoja."

Shangazi aliitazama tena picha. Kama picha ilikuwa imepinduliwa, basi Profesa hakugeukia ukuta. Aligeukia mlango.

"Daktari, kosa hili limewahi kumwumiza mtu?"

Daktari aliketi tena. "Mwezi uliopita. Mama mmoja alikuwa na uvimbe kichwani. Picha ilisema kulia, wakafungua kulia, wakakuta pazima. Walipokuja kufungua kushoto alikuwa amechoka sana. Mpaka leo hasemi. Hospitali yote tulimlaumu daktari wa upasuaji."

"Picha ile nani aliipiga?"

Daktari alivua miwani akaanza kuifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Hapo tumepata sababu," Shangazi alisema. "Hatujapata mtu ngazini. Sumaku atasema, kitufe nilikosea, lakini Sista sikumwona. Na nani atamkanusha? Mmoja hajazinduka, mwingine mnasema anasikia sauti." Alikiviringisha kidonge kimoja kati ya vidole. "Habari ya kidonge hiki, nani aliijua?"

"Sista na kijana. Mimi nimejua sasa hivi."

"Sumaku je?"

"Angejuaje? Sista alikuwa anamchunguza yeye."

"Basi kama anajua, kuna siku aliambiwa. Na Profesa ndiye wa kwanza kuwekewa?"

Daktari alihesabu vidonge vilivyobaki kwenye chupa. "Kimetoka kimoja tu."

"Nibandike na mimi," Shangazi alisema, akifungua kilemba chake. "Panja la kushoto. Kisha unifunge kilemba juu, kisionekane. Na wewe usitoke hapa. Picha zikipigwa unazipata kwenye hii kompyuta yako?"

"Zinafika zenyewe."

"Zitazame zote, na kila kitakachobadilika."

*

Sumaku alikuwa mtu wa umri wa makamo, koti limepigwa pasi, sauti laini ya mtu aliyezoea kuwatuliza waoga.

"Karibu, Shangazi. Mashine haiumi, inapiga kelele tu."

"Nataka nilale pale alipolala yule kijana, nisikie alichosikia. Na unipige picha kabisa, mwanangu. Kichwa hiki kimeniuma miaka mingi, leo tujue kuna nini."

"Hutakuta matundu wewe."

"Utashangaa."

Alimkabidhi koplo nje ya mlango kila kitu cha chuma: mkanda, funguo, bastola, hereni. Koplo aliishika bastola kana kwamba alitaka kuirudisha.

"Kilemba kina pini?" Sumaku aliuliza.

"Fundo tu." Alipanda kwenye kitanda chembamba. "Hivi ile plasta ya kijana ilikuwa ya nini?"

"Plasta? Sikuiona. Labda alijikwaruza."

"Sista hakukwambia?"

"Sista aliondoka kabla, niliandika kwenye maelezo. Siku ile hata mlangoni kwangu hakufika."

"Kweli uliandika."

Sumaku alimfungia kizimba cha kichwa. Kilibofya huku na huku, mbele ya macho vikabaki vipande viwili vya plastiki kama vyuma vya dirisha. Alimpa kipira cha mpira mkononi. Kitanda kikateleza ndani, dari ikamkaribia pua. Nyuma ya kioo kinene, vitufe vyote vilikuwa chini ya vidole vya mtu mmoja.

Mashine ilianza kugonga. Iligonga kama mafundi bati juu ya paa, ikabadilisha mdundo, ikagonga tena. Kisha ikanyamaza.

Katika kimya kile Shangazi alisikia kila kitu. Kiti kikisogezwa. Mlango wa korido. Toroli likipita mbali. Alibinya kipira.

Kengele ililia upande wa pili, kali kama king'ora cha mwizi. Papo hapo mlango ulifunguliwa.

"Vipi, Shangazi? Umeogopa?"

"Hapana. Nilitaka kujua kama kengele inasikika."

"Inasikika mpaka korido nzima."

"Mpaka ngazini?"

Kutoka ndani ya kizimba alimwona kuanzia kiunoni tu. Mkono wa Sumaku ulishika ukingo wa kitanda, ukaachia, ukashika tena.

"Tumalizie, Shangazi," alisema. "Usitikisike."

Mlango ulifungwa. Safari hii alichukua muda kabla ya kuanza. Mashine ikagonga. Ikanyamaza, ikaendelea kunyamaza kupita kawaida, na Shangazi, mwenye miaka mingi kazini, alihisi jasho likimtiririka kuelekea sikioni. Koplo alikuwa nje, na bastola ilikuwa kwa koplo. Kati yao palikuwa na mlango mzito na mtu ambaye huenda alishamtupa mwanamke mmoja ngazini.

Kitanda kilianza kutoka.

Sumaku alifungua kizimba. Uso wake ulikuwa umepauka. Nyuma yake, mlangoni, alikuwa amesimama daktari wa picha, na koplo bega kwa bega naye.

"Picha yake imenifikia mara mbili," daktari alisema. "Ya kwanza kitone cheupe kiko kushoto. Ya pili kiko kulia. Nani ameipindua?"

"Nimesahihisha," Sumaku alijibu haraka. "Ilitoka kinyume. Kosa dogo la kitufe, linatokea."

"Ulijuaje kuwa ni kinyume?" Shangazi alikuwa ameketi, miguu inaning'inia kitandani. "Ubongo nusu zake zinafanana, nimeambiwa."

"Si kile kidonge, kinawekwa ku..." Akanyamaza.

"Malizia, mwanangu."

"Kulia," alisema kwa sauti ndogo.

Shangazi alifungua kilemba taratibu. Plasta ilikuwa kwenye panja la kushoto.

"Picha yako ya kwanza ilikuwa sahihi," alimwambia. "Safari hii hukukosea."

Mashine ilibaki ikivuma chinichini, kama mtu aliyelala.

"Plasta hukuiona. Sista hakufika kwako. Kidonge kimewekwa mara moja tu, kwa mgonjwa mmoja tu, na aliyekiweka hajazinduka. Nani alikwambia kinawekwa kulia?"

Sumaku alitafuta pa kukalia, akakosa, akaegemea ukuta. "Alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Picha ya kwanza ilipotoka akaweka kidole kwenye kioo. Akasema, kidonge nimekiweka kulia, mbona kiko kushoto? Halafu akasema, kumbe hiki ndicho kilichomponza yule mama wa uvimbe."

"Akakutukana?"

"Hapana." Alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Alisema twende wote kwa daktari. Alisema, nitakusindikiza, usiogope, mtu hukosea. Akatangulia kwa ngazi za nyuma. Mimi nilimshika mkono tu, nimwombe anipe siku moja. Akajivuta, nikamsukuma. Sijui. Nilimsukuma."

"Na kengele?"

"Ililia. Niko juu ya ngazi namtazama, na kengele inalia."

"Ukarudi kumalizia picha."

Sumaku aliteleza ukutani mpaka akachuchumaa.

"Kisha ukamtoa kijana, ukamwambia apite pale pale, akutwe yeye. Mtu ana skizofrenia, nani atamsikiliza?" Shangazi aliteremka kitandani, akavaa viatu. "Yeye alipomkuta alilikunja blanketi alilofunikwa mashineni, akamziba damu. Sista akipona, kapona kwa mikono ile."

Koplo alitoa pingu, akakumbuka sumaku, akazirudisha. "Tutokeni nje kwanza," alisema. "Humu ndani zitaniponyoka."

*

Gari la mahakama lilikuwa tayari getini, injini inanguruma, Shangazi alipopiga simu. Mkuu wa kituo alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea.

"Kwa hiyo yale matundu?" aliuliza.

"Daktari wa picha anayo makubwa zaidi. Ukitaka tukamkamate na yeye."

Mkuu akakohoa. "Mrudishie mama mtoto wake. Gari nitalirudisha mimi. Na Shangazi, kile kidonge cha kijana ni kielelezo cha mahakamani. Kibandue, ukifunge kwenye bahasha, ukitie sahihi. Bila hicho wakili wa Sumaku ataturarua."

Profesa hakutaka kwenda nyumbani. Alitaka kwenda wodini kwa Sista. Mama yake alimvisha sweta kwanza, akampa dawa na maji, kisha wakaenda wote.

Sista alilala chali, kichwa kimefungwa bandeji, macho yamefumba. Muuguzi wa zamu aliwaambia kwa mnong'ono kwamba tangu asubuhi vidole vilikuwa vinacheza akisemeshwa. Alisogeza stendi ya dripu ili kijana apate nafasi.

Profesa aliinama mpaka panja lake la kulia likafika karibu na mkono wa Sista.

"Sista, nimekuja," alisema. "Sikutikisika."

Walisubiri. Mkono haukusogea.

Shangazi alikuwa na bahasha ya vielelezo tayari, imeandikwa tarehe. Alipopiga hatua moja, kijana alifunika plasta kwa kiganja. Hakung'ata safari hii. Alimtazama tu.

"Alisema aje mwenyewe kumtoa."

Mama alifungua mdomo kumwombea radhi. Shangazi alimzuia kwa mkono. Akaikunja bahasha, akairudisha mkobani, akavuta viti viwili kutoka ukutani, kimoja akampa mama.

Koplo alichungulia mlangoni. "Mkuu anauliza kielelezo kiko wapi."

"Mwambie kipo," Shangazi alisema, akikaa. "Kinamsubiri mwenyewe."